Kambare wa Afrika si Jina la Samaki

Nenda duka lolote la samaki wa mapambo, la hapa kwetu au la Ulaya, utamkuta. Yuko chini kabisa ya tangi, amejibanza nyuma ya jiwe, sharubu zimetangulia mbele. Wenzake wanaoogelea juu wana vibandiko vyenye majina. Chake yeye kimeandikwa "kambare wa Afrika", na kama muuzaji amesomasoma kidogo, "Synodontis, spishi haijulikani". Mnunuzi analipa, anamchukua kwenye mfuko wa maji, na baada ya miezi miwili anaanza kuonyesha picha kwa kila anayemdhania mjuzi: jamani, huyu ni samaki gani?

Nina ugomvi na hilo neno "haijulikani". Nauleta kwenu watu wa vitabu kwa makusudi. Kosa linalofanyika kwenye kibandiko cha tangi ndilo hilo hilo linalofanyika kwenye kamusi zetu na riwaya zetu. Kabla hatujamcheka muuza samaki, tujitazame.

Tuanze na samaki mwenyewe, maana wengi wanakata tamaa kabla hata hawajamwangalia.

Neno "kambare" tumelivuta mpaka limelegea. Kambare hasa, yule wa mtoni na bwawani ambaye siku hizi watu wanamfuga hadi uani, ni Clarias. Mwili mrefu, kichwa kipana kilichobonyea, sharubu nane, na pezi la mgongoni linaloanza karibu na kichwa likaenda moja kwa moja hadi karibu na mkia, bila mwiba. Waluo wanamwita mumi. Mbofu ni mwingine: mkia wake umepasuka kama mkasi, na nyuma ya pezi la mgongoni ana kipande kirefu cha nyama kinachofanana na pezi la pili. Waluo wanamwita seu. Kambare wa umeme hana kabisa pezi la kawaida mgongoni, ana kile cha nyama tu karibu na mkia, na akikupiga anaweza kutoa zaidi ya volti 300. Huyo ni vizuri ukamtambua kabla hujatia mkono kwenye tangi.

Halafu kuna gogogo. Kichwa chake kimefunikwa ngao ya mfupa. Ana miiba mitatu migumu, mmoja mgongoni na miwili kwenye mapezi ya kifuani, na akiisimamisha yote humtoi kwenye wavu bila kuchana kitu. Sharubu za kidevuni zina matawi madogo kama mizizi ya mche. Ukiona matawi hayo, basi umeshafika mlangoni kwake: ni Synodontis au ndugu yake wa karibu sana. Na ukimtoa majini anapiga kelele. Anasugua mzizi wa mwiba wa kifuani ndani ya kitako chake cha mfupa, unatoka mkwaruzo ambao Waingereza wameufanya jina, wakimwita mlialia. Waluo wanamwita okoko. Wavuvi wa Kiswahili wa Ziwa Victoria wanamwita gogogo. Tamka majina hayo mawili kwa sauti, halafu uniambie nani alikuwa na sikio zuri zaidi.

Mpaka hapo hatujahitaji digrii wala darubini, ni macho na dakika tano. Kwa hiyo mtu anayebandika "kambare wa Afrika" kwenye tangi la gogogo hajashindwa na sayansi. Hakuangalia.

Ugumu wa kweli unaanzia hapa. Synodontis wana spishi zaidi ya 120, kutoka Nile hadi Niger, kutoka Kongo hadi Zambezi. Wengi ni wa kijivu au wa kahawia, wengi wana madoa, na wadogo huwa na mabaka ambayo wakubwa hawana. Hapa ndipo mnunuzi anapoinua mikono na muuzaji anapojificha. Unaona, anasema, hata wataalamu wanabishana.

Lakini kuna swali moja ambalo halikuulizwa. Alitoka wapi?

Jibu la swali hilo linafanya kazi kuliko picha kumi. Kama gogogo wako alivuliwa Ziwa Nyasa, umemaliza: ziwa lile zima lina gogogo mmoja anayejulikana, Synodontis njassae, aliyepewa jina hilo mwaka 1908. Kama ni Ziwa Victoria, chagua kati ya wawili, S. victoriae na S. afrofischeri. Kama ni Tanganyika, una kazi kidogo kwa sababu wako karibu kumi, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Ona hesabu ilivyoshuka: kutoka 120 hadi kumi, au wawili, au mmoja, kwa jina la ziwa tu. Hatujahesabu hata mwiba mmoja.

Sasa, huyo samaki hakuanguka kutoka mbinguni. Kuna mtu alimshika. Wa Tanganyika mara nyingi hushikwa na mpiga mbizi, kwa wavu, kwenye jabali analolijua yeye, mbele ya kijiji chenye jina. Mpiga mbizi anajua, mwenye mashua anajua, na anayepokea samaki ufukweni anaweza kuuliza akajibiwa papo hapo. Kati ya ufukweni na boksi la ndege ndipo jina la kijiji linapodondoka. Mtu asituambie spishi haijulikani. Ilijulikana, ikafutwa njiani.

Utaniambia ni biashara, hawana muda wa kuandika majina ya vijiji. Uongo. Wanao.

Chukua Tropheus, sikilidi mdogo wa mawe wa Tanganyika. Rangi yake hubadilika kutoka ufuko mmoja hadi mwingine, na wafugaji wa Ulaya na Marekani wanapenda kuwa na wa mahali maalumu. Kwa hiyo Tropheus anauzwa na jina la kwao: huyu wa Ikola, huyu wa Kipili, yule wa Moliro upande wa Kongo. Majina ya vijiji vyetu yamesafiri salama hadi kwenye vibandiko vya maduka ya Ujerumani, herufi kwa herufi, kwa sababu yanapandisha bei. Gogogo aliyetoka ufuko ule ule, pengine kwa mashua ile ile, anashuka uwanja wa ndege akiwa raia wa bara zima. Anaandikiwa "Afrika". Kumbe uwezo wa kukumbuka mahali upo, ila unakodishwa kwa mwenye rangi ya kupendeza.

Na hili si la leo. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeanza kusafirisha samaki wa mapambo kutoka Burundi miaka ya 1970, alitoa mwaka 1989 kitabu kikubwa kuhusu samaki wa Tanganyika. Kitabu chenyewe ni kazi ya mtu aliyelijua ziwa. Lakini kwenye jalada sikilidi wametajwa kwa jina lao, na waliobaki ni "samaki wengine wote". Kambare wote wa ziwa wamo humo, kwenye wengineo.

Matokeo yake yanaonekana kwenye kisa cha petricola. Mwaka 1959, Hubert Matthes alimwelezea gogogo mdogo wa Tanganyika mwenye madoa meusi na kingo nyeupe za mapezi, akamwita Synodontis petricola, mkaa mawe. Ni mzuri, na biashara ikampenda. Kwa miaka mingi wafugaji duniani wakanunua petricola, wakazalisha petricola, wakaandika makala kuhusu petricola. Baadhi walisema wao wana "petricola mfupi". Mwaka 2006 Jeremy Wright na Lawrence Page walipitia upya gogogo wote wa Tanganyika, wakapima na kuhesabu. Yule "mfupi" hakuwa petricola. Alikuwa spishi nyingine iliyokuwa bado haina jina la kisayansi, wakamwita lucipinnis, mwenye mapezi yenye nuru, kwa ajili ya kipande cheupe kilicho kwenye shina la kila pezi pale weusi unapoanzia. Kipande hicho kilikuwepo siku zote. Maelfu ya watu walikuwa wanakitazama kila jioni kupitia kioo, hatua moja kutoka kwenye kochi.

Katika kazi hiyo hiyo walitaja wengine wawili. Mmoja ni grandiops, mwenye macho makubwa, ambaye alikuwa amechanganywa na multipunctatus, mwenye madoa mengi, spishi iliyokuwa na jina tangu Boulenger alipoielezea London mwaka 1898. Mwingine ni ilebrevis, mwenye utumbo mfupi. Hebu yatazame majina haya kama msomaji wa fasihi. Madoa mengi. Macho makubwa. Mapezi yenye nuru. Utumbo mfupi. Ni Kilatini, ndiyo, lakini kila moja linakuonyesha pa kuangalia. Linganisha na "kambare wa Afrika", jina linalokuambia usihangaike kuangalia.

Huyo mwenye madoa mengi anastahili aya yake, kwa sababu yeye anaonyesha kwamba kutojua kuna gharama. Sikilidi wengi wa Tanganyika hulea mayai mdomoni: jike anataga, anayaokota yote, anayafungia kinywani mpaka yaanguliwe. Multipunctatus wanangoja jike anapotaga, wanavamia, wanakula baadhi ya mayai na kumwaga yao hapo hapo. Jike katika vurugu anaokota kila kitu. Vifaranga vya gogogo vinaanguliwa mapema, ndani ya mdomo wa mama wa kufikia, na kuanza kula watoto wake mmoja mmoja. Mama anaendelea kuwabeba. Tetsu Sato aliandika habari hii katika jarida la Nature mwaka 1986, na ulimwengu ukashangaa, kwa sababu tabia hii ilikuwa ya ndege kama kekeo. Hadithi ya mlezi na mtoto wa kambo ya aina hiyo, mwandishi gani asingeitamani? Na inachezwa leo hii kwenye tangi la mtu aliyeuziwa "kambare wa Afrika", naye anajiuliza mbona sikilidi wake wanatema kambare.

Nakubali jambo moja. Wapo gogogo kwenye matangi ambao kweli hawajulikani na hawatajulikana. Ni chotara. Kuna wafugaji wanaotumia homoni kukamua mayai na mbegu za spishi mbili ambazo hazijawahi kukutana majini, pengine mmoja wa mto wa magharibi na mwingine wa ziwa la mashariki, na watoto wanauzwa kwa jina lolote linalovutia. Huyo ukimhesabia miiba hadi asubuhi hutampata kwenye kitabu, kwa sababu hana kwao. Lakini ona nani kamfanya hivyo. Hakuna mto wa Afrika uliotoa samaki asiye na kwao. Ni ule ule mkono uliofuta jina la kijiji, safari hii umefuta kijiji chenyewe.

Sasa tuje kwetu.

Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili uliyonayo, tafuta jina la samaki wa ziwa. Kama limo, kuna uwezekano mkubwa utakuta maneno matatu: aina ya samaki. Wakati mwingine wanakuongezea kwamba ana miiba. Samaki wa bahari wana nafuu kidogo. Changu, kolekole, nguru, chewa, pono, hadi hongwe, ambaye ni ndugu wa kambare wa maji chumvi, wote wana nyumba zao ndani ya kamusi, kwa sababu Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na Waunguja ni watu wa bahari. Sawa, huo ni uamuzi wa miaka ya 1920 na hatuwezi kuurudisha nyuma. Ila maziwa matatu makubwa yanapakana na nchi zinazosema Kiswahili, na majina ya samaki wa huko bado tunayatendea kama lugha ya kijijini. Sato na sangara wameingia kwa nguvu ya soko. Furu wameingia kwa sababu waliliwa na sangara. Gogogo yuko nje, anagonga.

Riwaya zetu je? Mhusika anakwenda ziwani, anarudi na "samaki". Samaki gani? "Mkubwa." Mvuvi wa kweli hajawahi kuvua "samaki" maishani mwake. Kila alichotoa majini kilikuwa na jina, na jina lilimwambia bei, namna ya kukishika kisimchome, na kama mkewe atakipika au atakichekea. Mwandishi anayeandika "samaki" na kuendelea na mapenzi ya wahusika wake ameweka kibandiko kile kile cha dukani. Tunamsifu kwa lugha nyepesi. Mimi naiita lugha ambayo haijashuka kwenye maji.

Wapo watakaosema jina la mvuvi halitoshi, kwa sababu gogogo ni jina la spishi nyingi kwa mpigo. Kweli. Na petricola ilikuwa jina la spishi mbili kwa miaka 47, pamoja na Kilatini chake. Sidai kwamba jina la ufukweni lishinde la maabara. Nadai kwamba la ufukweni linabeba kitu ambacho la maabara likisafiri peke yake linakipoteza, yaani mahali. Ukiambiwa "gogogo wa Mwanza" una spishi mbili za kuchagua. Ukiambiwa "Synodontis sp." una 120. Lipi ni la kitaalamu zaidi?

Wapo pia watakaoniambia utambuzi ni kazi ya wanasayansi, sisi wa kalamu tuandike hisia. Hao nawapeleka Misri. Kwenye kuta za makaburi ya kale ya Misri, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, mafundi walichonga samaki wa Nile chini ya mashua za wavuvi. Kati yao kuna gogogo mmoja aliyechongwa tumbo juu, mgongo chini. Mtu angeweza kusema fundi alikosea. Hakukosea. Synodontis batensoda huogelea hivyo hivyo, kichwa chini juu, na kwa sababu fundi yule alichonga alichokiona, mtaalamu wa leo anaweza kusimama mbele ya jiwe na kutaja spishi. Fundi hakuwa na Kilatini, Kilatini chenyewe kilikuwa bado hakijazaliwa. Alikuwa msanii, na usanii wake ulikuwa kutazama. Sisi na kamera mfukoni tumeshindwa alichoweza yeye na patasi.

Na ubishi wa mwisho, ule wa kawaida: nchi ina matatizo, wewe unalilia kambare wa kwenye kioo. Basi nimalizie na kambare ambaye hayuko kwenye kioo chochote. Ziwa Victoria lilikuwa na kambare mdogo wa kina kirefu ambaye hakupatikana kwingine duniani. Wanasayansi wanamwita Xenoclarias eupogon. Hajaonekana kwa miongo kadhaa, na wanaofuatilia viumbe vilivyo hatarini wanaamini huenda ametoweka kabisa. Tazama jina lake la kwanza: xeno, mgeni. Kambare mgeni. Samaki aliyeishi kwetu tu, anaingia kwenye kumbukumbu ya dunia kama mgeni, na sisi wenye ziwa hatuna hata sentensi moja ya fasihi inayomtaja. Hakuna aliyemwombolezea, kwa sababu utamwombolezeaje "aina ya samaki"?

Kwa hiyo madai yangu ni mafupi. Wanaosafirisha samaki wa mapambo waandike ufuko wa gogogo kama wanavyoandika wa Tropheus. Wino ni ule ule. Wanunuzi waulize ziwa kabla ya kuuliza bei, na muuzaji asiyejua abaki na samaki wake. Watunga kamusi wafunge safari hadi Kigoma, Mwanza na Kyela, wakae mwaloni asubuhi mashua zinaporudi, waandike wanachosikia pamoja na ana sharubu ngapi, pezi liko wapi, anapatikana wapi. Na waandishi, ukileta samaki kwenye hadithi, mlete na jina lake. Kama hulijui, kamuulize anayemvua kabla hujaandika sura hiyo.

Nawe msomaji uliyekulia Ujiji, Ukerewe, Mbamba Bay, Uvira au Kalemie: yule mwenye miiba mitatu na sharubu zenye matawi, anayelia ukimtoa kwenye wavu, kwenu mnamwitaje? Andika jina, na uandike na ufuko.